Keki za Kisamvu

Fatma wa meza ya viza aliniomba niandike ukurasa mmoja juu ya kazi ya kuongoza misafara, ubaki ofisini kwa ajili yenu mtakaoishika baada yangu. Hiyo ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Sasa mwezi umepita na daftari linakaribia nusu. Mtanisamehe. Nilisoma mpaka darasa la saba, Tabora, na kalamu yangu haijawahi kuwa na haraka. Kusema ndiko kubaya zaidi. Tangu ujana nina haya, na anayetaka neno langu sharti anipe karatasi kisha aniache peke yangu.

Mishahara sitaiandika, mnaijua. Vyeo navyo vina mstari mmoja tu: niliingia nikiwa mbeba masanduku, nikatoka nikiitwa mkuu wa misafara, na masanduku niliendelea kuyabeba.

Nilifika Muscat nina miaka kumi na tisa, nikakaa kwa ami yangu Sib. Kiarabu changu kilikuwa cha salamu tu, na Kiswahili changu cha bara kiliwachekesha binamu zangu. Ami akasikia kuna bibi wa Kizanzibari anafungua ofisi ya safari Ghubra, vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani, akanipeleka. Bibi huyo ndiye Bi Thuwaiba, ambaye wengi wenu mmemwona kwenye picha tu, ile ya miwani yenye kamba shingoni. Aliniuliza maswali matatu.

"Kizungu unakijua?"

"Kidogo."

"Kiarabu?"

"Kidogo."

"Kunyamaza je?"

Sikujua nijibu nini, nikanyamaza.

"Basi kazi umepata," akasema. "Wasafiri wetu wanasema sana. Nataka mmoja wa kusikiliza."

Wateja wetu walikuwa familia zetu hizi hizi: za Unguja na Pemba, na sisi tuliotoka bara. Joto la kiangazi likipanda walitaka kukimbilia Ulaya, lakini pamoja na mtu anayesema Kiswahili, anayejua kibla kiko upande gani wa chumba cha hoteli, na ambaye hatawalisha nguruwe kwa bahati mbaya. Mtu huyo nikawa mimi. Bi Thuwaiba alinikabidhi vyombo vitatu. Cha kwanza, mizani ya kuning'iniza, ya kupimia masanduku. Cha pili, kadi zenye anwani ya hoteli, kila msafiri apewe moja aiweke kifuani. Cha tatu, mkoba wa kahawa: chupa ya lita mbili, finjani kumi na mbili zilizofungwa kwa kitambaa, tende, na mfuko mdogo wa nje wa kuwekea leso za karatasi.

"Mwomani akipotea ugenini," alisema, "hatafuti polisi, anatafuta kahawa. Wewe kaa na kahawa. Watarudi wenyewe."

Walirudi. Miaka yote sikuwahi kumpoteza mtu aliyekunywa asubuhi.

Safari za mwanzo zilinifunza mambo madogo. Dawa zisafiri ndani ya pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Papa mkavu asisafiri kabisa. Mzee mmoja alimficha ndani ya buti za mvua, na mbwa wa uwanja wa ndege akalala juu ya sanduku lile akakataa kuondoka. Askari wakadhani wamepata kitu kikubwa. Walipolifungua walirudi nyuma hatua tatu, na mzee akawaambia kwa Kiswahili, "Nani aliyewaambia mfungue?"

Nakuja sasa kwenye safari iliyonifundisha kazi.

Tulikuwa watu kumi na wanne na mimi, na kituo chetu cha mwisho kilikuwa Amsterdam, siku nne. Msafiri mkubwa kwa umri alikuwa Bibi Zamzam, mjane wa Kipemba aliyekaa Sib mitaa miwili kutoka kwa ami yangu, umri unagonga sabini. Alikuwa na bintiye Raya, mwalimu wa skuli. Bibi Zamzam aliniita Mnyamwezi kwa sababu nimezaliwa Tabora. Nilimweleza mara moja kwamba babu yangu alitoka Ibra, huku Oman. Akasema, "Mnyamwezi wa Ibra, ahlan wasahlan," na jina likabaki.

Siku moja kabla ya kurudi nyumbani, asubuhi, tulikuwa tunatembea kando ya mfereji. Bibi akasimama mbele ya mlango mmoja.

"Mnyamwezi, hebu nisomee. Wameandika nini pale?"

Nikasoma herufi moja moja, kama nilivyozoea. "Kofi. Shopu. Duka la kahawa, bibi."

"Alhamdulillahi. Siku nne kahawa yao ya hoteli ni maji ya moto tu. Na harufu hii?"

Harufu ilikuwa nzito, ya moshi mtamu unaokaa kooni. Sikuijua. Ningeweza kumuuliza mtu yeyote aliyepita, lakini kumsimamisha Mzungu njiani nikamuuliza kwa Kiingereza changu kilichovunjika, hapana. Nikasema, "Labda wanafukiza, bibi."

"Kila watu na ubani wao," akasema, akaingia.

Mimi nilibaki mlangoni kuhesabu watu. Raya alikuwa dirisha la tatu anatazama viatu. Kupitia kioo nilimwona Bibi Zamzam na buibui lake mbele ya kaunta, anaashiria kwa kidole. Muuzaji, kijana mwenye nywele ndefu, alimwambia kitu mara mbili, tatu, akiinua mkono kama anayesimamisha gari. Bibi alipotoka ameshika kikasha nikamuuliza yule kijana alikuwa anasema nini.

"Ati strongi, strongi. Nikamwambia mie nnapenda kali. Kahawa yenyewe chungu na maziwa yamejaa, nimeiacha. Lakini nimepata fuwala."

Kwa watu wetu fuwala ni kile kitamu kinachotangulia kahawa: tende, haluwa, kipande cha tunda. Kahawa bila fuwala ni kama salamu isiyojibiwa. Bibi alifungua kikasha anionyeshe. Keki sita, kila moja ndani ya kishimo chake, rangi ya udongo na chembe za kijani. Juu ya kifuniko pamebandikwa picha ya jani, vidole saba vimekunjuka kama kiganja.

"Jani gani hili?" akauliza.

Hapa ndipo pa kosa langu, na naliandika kwa mkono wangu. Nimekulia kwenye mashamba ya mihogo. Nilitazama mara moja nikasema kwa uhakika ambao sikuwa nao juu ya jambo jingine lolote Uholanzi: "Kisamvu, bibi."

"Keki za kisamvu!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wallahi nnazipeleka Sib. Nitawaambia wake za wanangu, Wazungu wamewashinda, kisamvu wanakitia kwenye keki. Ndiyo sogha yangu hii."

Sogha ni zawadi ya msafiri. Hakuna mwanamke wa Sib anayerudi safari mikono mitupu, na zawadi inayochekesha inashinda manukato. Nilimsaidia kufunga kikasha. Kisha nikageuka kumhesabu Raya na wengine, na Bibi akabaki nyuma yangu kidogo, upande wa mkoba.

Saa saba mchana, chumbani kwake, aliswali, akameza kidonge cha presha, akala nusu keki akingoja kahawa yangu. Alivyotuambia baadaye, aliona haina ladha ya kisamvu wala ya keki, akala nusu ya pili kuhakikisha. Nilipofika na chupa alikunywa finjani mbili, akasema anataka kupumzika. Ilipofika saa tisa Raya alinigongea mlango. Mtandio wake ulikuwa umeanguka mabegani na hakuwa na habari.

"Njoo umtazame mama. Anacheka."

Kumbe kucheka ndiko kulikuwa mwanzo tu. Nilipoingia alikuwa ameacha. Ameshika kitanda kwa mikono miwili kama kinapaa. Alinitazama akaniita kwa jina la kaka yake aliyekufa Wete zamani, akaniuliza mbona sina viatu. Moyo wake ulikuwa unapiga mpaka unauona kwenye shingo. Raya, aliyeniita ami kwa heshima tu, akasema, "Ni kiharusi, ami, ni kiharusi," huku anamsugua miguu.

Niliteremka mbio mapokezi. Binti wa pale akaita gari la wagonjwa, kisha akapanda nami na chupa ya maji. Macho yake yakaenda kwenye kikasha mezani. Akakiinua, akakinusa, akanitazama. Akaniambia polepole, kama unavyomwambia mtoto. Sikuelewa maneno yote, lakini moja nililijua.

Bangi.

Nakiri kwamba jambo la kwanza nililolitazama ni lile jani. Mhogo una jani laini pembeni. Hili lilikuwa na meno ya msumeno. Mtoto wa Tabora hata hilo sikuliona.

Hospitalini daktari, mwanamke mfupi mwenye kalamu sikioni, aliuliza mgonjwa amekula nini. Raya akanishika mkono wa kanzu, akaninong'oneza.

"Usimwambie."

"Bi Raya."

"Mama yangu hajapata hata kunusa sigara. Amehiji mara mbili. Watamwandika. Karatasi itamfuata mpaka Muscat. Mwambie amekula samaki."

Mnanijua. Mtu akiniambia nyamaza, hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa. Lakini daktari alikuwa ameshashika sindano na picha za kichwa zinaandaliwa, na Bibi Zamzam anamwita marehemu kaka yake. Nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, watu kwenye viti wakageuka. "Keki. Ya bangi. Moja nzima. Na kidonge cha presha. Hakujua. Mimi ndiye niliyesoma kibao."

Raya akaniachia mkono kama umemwunguza.

Daktari hakushangaa. Aliweka sindano chini. Alisema anapata wageni wa namna hii kila wiki, ingawa si wa umri ule wala wenye buibui. Polisi hawana haja nao, anachotaka yeye ni kujua kiasi na saa. Akatueleza polepole mpaka nikaelewa, na haya yashikeni. Inayoliwa si kama inayovutwa. Inakawia tumboni saa moja, hata mbili, mtu anadhani haina kitu, anaongeza, kisha zote zinafika pamoja. Haina dawa ya kuiondoa. Mgonjwa anawekwa pakimya, asiachwe peke yake, presha na moyo vinatazamwa, na itaondoka yenyewe kwa saa nyingi. Kwa mzee mwenye presha watamlaza mpaka kesho. Kama tungeficha, alisema, angekuwa anatafuta kiharusi mpaka sasa.

Raya alimsikia. Hakuniomba radhi wala sikungoja. Alienda akakaa karibu na mama yake, akaanza kumsomea Yasin kwa sauti ndogo, na mkono wa Bibi ukaacha kushika kitanda.

Nilimpigia Bi Thuwaiba. Nilimweleza yote, hata kisamvu.

"Kosa lako nitakugombeza ukifika," akasema. "Zilikuwa ngapi?"

"Sita."

"Amekula ngapi?"

"Moja."

"Zilizobaki umezihesabu?"

Sikuwa nimezihesabu. Nikarudi hotelini, nikafungua kikasha. Vishimo sita, keki nne.

Sasa muelewe tulikuwa wapi. Kule Uholanzi watu hudhani ni halali. Si halali, wanafumba macho kwa kiasi kidogo, ndani ya maduka yale, na ukienda nayo mpakani macho yanafumbuka. Huku kwetu hakuna anayefumba hata moja. Ni jela, iwe imevutwa, imekaangwa au imetiwa sukari, na hakimu hatauliza kama ulidhani ni mboga. Basi la uwanja wa ndege lilikuwa saa tano asubuhi ya pili. Keki moja ilikuwa imo mahali fulani kati ya masanduku ya watu kumi na wanne wasio na hatia, na mmoja wao angeshuka nayo Muscat akaingizwa ndani mbele ya watoto wake waliokuja kumpokea. Na mwenye kujua iliko alikuwa amelala hospitali, akiulizwa anajibu habari za Wete.

Zile nne nilizipeleka kwa binti wa mapokezi, akazitosa kwenye ndoo ya maji ya jikoni mbele yangu, na kikasha chake. Nilitaka nizione zinavyolowa.

Asubuhi saa mbili niliwakusanya ukumbini nikawaambia, wakiwa wamekaa na mimi nimetazama zulia, kwamba kila mtu alifungue sanduku lake juu ya kitanda. Sikutaja bangi. Nilisema Bibi ameugua kwa keki mbaya na moja haionekani. Bwana Khalfan, askari mstaafu mwenye masharubu yaliyochongwa, akasimama.

"Mimi nimepekua watu, sijapekuliwa. Keki! Wewe Mnyamwezi unatafuta keki kwenye nguo zangu za ndani?"

"Ndiyo, bwana."

"Kwa amri ya nani?"

Nikamsogelea nikamwambia sikioni ni keki ya nini. Rangi ikamtoka. Akaenda kulifungua sanduku mwenyewe, akamwaga kila kitu kitandani, na pamoja na vingine zikamwagika chupa ndogo za asali za meza ya chakula cha asubuhi, nyingi mno, zikabingirika mpaka chini.

"Hizo," akasema, "si keki."

"La, bwana."

"Basi endelea na kazi."

Tukaendelea wote wawili. Alinisaidia, na alijua kupekua kuliko mimi. Tulitazama ndani ya viatu, kwenye mikunjo ya kanzu, kwenye mikoba ya vipodozi ya akina mama, ambao walimtukana Khalfan na wakanionea mimi huruma. Hakuna. Chumba cha Bibi tulikigeuza, hata mto wake tulivua foronya. Hakuna. Saa nne na nusu nilikaa kwenye ngazi na mkoba wa kahawa begani, nikafikiri kuwaambia wote waache masanduku Uholanzi.

Hapo gari likasimama, Raya akashuka, akamshusha mama yake. Bibi Zamzam alitembea mwenyewe, polepole, uso umenywea. Alikuwa ameshaambiwa alikula nini. Alipofika kwenye ngazi hakutaka kuniangalia.

"Mnyamwezi, nimekuaibisha."

"Mimi ndiye niliyesema kisamvu, bibi. Lakini niambie. Ya sita iko wapi?"

"Ya sita?" Akafikiri. "Hujaila?"

"Sijaila nini?"

"Fuwala yako! Nlikutilia kwenye mkoba, pale pale njiani, ulipokuwa unahesabu watu. Ningekupa mkononi ungesema ahsante bibi nimeshiba. Wewe kila siku umeshiba."

Niliteremsha mkoba begani. Nikafungua ule mfuko mdogo wa nje. Kati ya leso za karatasi ilikuwapo moja yenye madoa ya mafuta, imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

Bwana Khalfan ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye zulia na masharubu yake. "Askari huyu! Kapekua mpaka asali yangu!" Wengine wakafuata, na Bibi Zamzam mwenyewe akacheka, safari hii kwa akili zake. Raya tu hakucheka. Aliichukua ile leso mkononi mwangu, akaipeleka jikoni mwenyewe, na aliporudi akasema kwa sauti ndogo, "Jana ulifanya vizuri kusema."

Mkoba niliuacha pale hotelini, sikutaka hata chembe ipande ndege. Nilisafiri na chupa kwapani na finjani ndani ya mfuko wa nailoni, zikigongana njia nzima. Muscat, kwenye ukaguzi, ofisa alinitazama, akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Umebeba nini, ami?"

"Kahawa."

"Tu?"

"Tu," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kuniletea machozi.

Bi Thuwaiba alinigombeza kama alivyoahidi, dakika mbili, mlango umefungwa. Kisha akaniteremsha chini kwa fundi cherehani anishonee mkoba mwingine kama ule. Nilimwomba fundi asiweke mfuko wa nje. Bi Thuwaiba akamwambia auweke. "Mfuko hauna kosa," akasema. "Mwenyewe hakuufungua."

Tangu safari ile ikawa desturi, ile mnayoiita kikao cha masanduku. Siku moja kabla ya kurudi, mchana kweupe, kila sanduku juu ya kitanda. Endeleeni nayo. Siku hizi hazipo keki tu: zipo peremende za mpira za rangi kama za watoto, chokoleti, mafuta ya kutia chini ya ulimi, chingamu, na miji ya kuzinunua imezidi. Muuzaji atamwambia msafiri kwamba hizi hazina nguvu, au zina jina tu. Huenda kweli. Lakini si yeye atakayesimama kwenye ukaguzi wa Muscat, na nyinyi hamna chombo cha kupimia. Msizipe nafasi sandukuni. Na mtu akishakula, mtazameni mtu kwanza, sanduku baadaye. Mwambieni daktari kweli, hata kama bintiye amewashika kanzu. Wasafiri wetu si wahalifu. Ni watu wanaoona kitamu wakamkumbuka mtu wa nyumbani. Waelezeni mapema, kwa majina yenyewe, msione haya. Mimi niliona haya kumuuliza mpita njia swali moja, na mnaona lilivyotugharimu.

Bibi Zamzam aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila Idi alinipelekea sahani ya haluwa Sib, na nikiingia kumshukuru alisema neno moja tu: "Hesabu." Alipofariki nilibeba jeneza upande wa kulia, na Bwana Khalfan, mzee sana, alishika mkono wangu wa kanzu ili asianguke.

Siku yangu ya mwisho mlinifanyia kahawa ofisini, nyinyi nyote mlikuwapo. Mlinitaka niseme maneno, nikasema ahsanteni. Ndipo akaingia Raya, sasa mwalimu mkuu mstaafu mwenye mvi, ameshika kikasha. Juu ya kifuniko amebandika jani bichi la kisamvu, cha kweli, kutoka ua wake. Nililipitishia kidole pembeni. Laini.

"Hesabu, ami," akasema.

Nikafungua. Vishimo sita, haluwa tano. Fatma akatazama dirishani kama mtu asiyejua lolote.

Nilitazama chini ya meza. Nilifungua droo. Niliinua magazeti. Nilifika mpaka kwenye kabati la paspoti, na ninyi mmefunika midomo kwa mikono, kabla sijageuka kuutazama mkoba wa kahawa, ulioning'inia kwenye msumari nyuma ya kiti changu, na mfuko wake wa nje umevimba.